Kiazi Kitamu: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Utangulizi

Wahenga walituonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Aghalabu onyo hilo hutolewa kuhusu ndoa, urafiki na kazi, lakini kwa maoni yangu, hapana mahali linapostahiki kukumbukwa katika Kenya ya leo kama mezani. Kipo chakula ambacho kimelea vizazi vingi vya nchi hii. Humea karibu kila pembe yenye mvua ya kiasi, hakidai mbolea nyingi, na huwa tayari kuchimbwa kati ya miezi mitatu na mitano baada ya kupandwa. Hata hivyo, mgeni wa heshima anapobisha hodi, chakula hicho huachwa jikoni na mtoto akatumwa dukani kununua mkate. Chakula chenyewe ni kiazi kitamu.

Makala haya yanadhamiria kukitetea kiazi kitamu kwa misingi ya lishe. Nitadai mambo mawili. Kwanza, dharau tunayokionyesha haitokani na upungufu wowote mkubwa ulio ndani yake, bali inatokana na mazoea na majina. Pili, maarifa kuhusu thamani ya kiazi hiki yamekusanywa kwa miaka mingi, tena mengine papa hapa Afrika Mashariki, lakini yamehifadhiwa katika lugha ambayo mkulima na mama mlezi hawaisomi. Katika jambo hili la pili, sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna deni la kulipa.

Jina na Dharau

Tuanze na jina, maadam majina ndiyo kazi yetu. Ingia katika mkahawa wowote wa mjini uagize viazi bila kuongeza neno jingine. Hapana shaka utaletewa mbatata, yaani zile ambazo wengi wetu huziita waru. Kiazi kitamu hakina budi kutajwa kwa sifa yake ndipo kitambulike. Kihistoria, mambo yalikuwa kinyume. Neno mbatata lilitufikia kutoka kwa Wareno waliosema batata. Hao nao, kama Wahispania, walilipata kutoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao kwao neno hilo lilitaja kiazi kitamu. Mbatata basi ilimnyang'anya mwenzake jina huko ng'ambo, na ilipofika kwetu ikamnyang'anya hata neno kiazi!

Isitoshe, viwili hivi si ndugu. Mbatata ni ya ukoo mmoja na nyanya, biringanya na pilipili. Kiazi kitamu ni cha ukoo wa mimea itambaayo yenye maua ya umbo la tarumbeta. Mbatata huota kutokana na shina lililovimba chini ya ardhi, ilhali kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa. Asili ya vyote viwili ni bara la Amerika. Kwa hivyo anayekitetea kiazi kitamu asidai kuwa kilizaliwa hapa. Ni mgeni aliyekaa hadi akawa mwenyeji, akapewa majina ya nyumbani: ngwaci kwa Wakikuyu, rabuon kwa Wajaluo, mabwoni kwa baadhi ya Waluhya. Lugha yetu yenyewe imejaa maneno ya namna hiyo, na hatuyaoni haya.

Dharau ilitoka wapi basi? Naona chimbuko lake ni wema wa kiazi chenyewe. Mahindi yanaponyauka, kiazi hustahimili. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kilihesabiwa kuwa chakula cha njaa, na mtu aliyeepukana na njaa hapendi kukumbushwa siku zile. Fauka ya hayo, katika jamii nyingi kililimwa na wanawake kwa ajili ya jikoni, wakati wanaume walipohangaikia mazao ya kuuza kama kahawa, chai na pamba. Zao lisilopelekwa ghalani wala kiwandani likaonekana halina hadhi. Mkate wa ngano ukaja na heshima ya karatasi, jina la kampuni na bei iliyopigwa chapa. Ni ajabu kwamba tunaona fahari kula ngano, ambayo sehemu kubwa yake nchi hii huiagiza kutoka nje, tukaona haya kula kile tunachoweza kukichimba nyuma ya nyumba. Bei ya ngano ilipopanda duniani mwaka 2022 kutokana na vita vya Urusi na Ukraini, tulilalamika sana kuhusu mkate. Sikusikia wengi waliouliza habari za kiazi.

Kilichomo Ndani ya Kiazi

Sasa tutazame lishe yenyewe. Gramu 100 za kiazi kitamu kibichi hutoa takriban kilokalori 86. Zina kabohaidreti gramu 20, nyuzinyuzi gramu 3, protini gramu 1.6 na mafuta machache mno yasiyofika hata nusu gramu. Zina pia potasiamu ya miligramu 337 hivi, pamoja na vitamini C, vitamini B6 na madini ya manganizi. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Mkate mweupe wa uzito huohuo hutoa zaidi ya kilokalori 250. Mandazi huzidi hapo kwa sababu ya mafuta yaliyoyakaanga. Maana yake ni kwamba mlaji wa kiazi hujaza tumbo bila kujaza mwili nishati asiyoihitaji. Kwa mwanafunzi anayeshinda ameketi maktabani, tofauti hiyo si ndogo.

Kuhusu nyuzinyuzi, wenzetu wa Tanzania wana istilahi makapi-mlo. Istilahi hiyo yaeleweka upesi, lakini naichelea kidogo, kwa kuwa makapi katika Kiswahili ni kitu cha kupepetwa na kutupwa. Nyuzinyuzi si za kutupwa. Ingawa mwili hauzisagi kama wanga, ndizo zinazosaidia choo kupita vyema, zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na zinazolisha vijidudu vyema vilivyomo katika utumbo mpana. Potasiamu nayo husaidia kudhibiti shinikizo la damu kwa kusawazisha athari za chumvi tunayoila kwa wingi. Katika nchi ambapo maradhi ya shinikizo la damu na kisukari hayaulizi tena umri, hivi ni vitu vya kuhesabiwa.

Hata hivyo, mtetezi mwaminifu hasifu kupita kiasi. Protini ya kiazi ni haba. Mtoto anayelishwa viazi vitupu kutwa, asubuhi hadi jioni, atashiba lakini hatajengeka mwili. Kiazi chahitaji mwenzi: maharagwe, kunde, maziwa, mayai, dagaa au samaki. Wazee wetu walilijua hili bila maabara. Mushenye wa Waluhya, ambao ni viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, ni mlo ambao mtaalamu yeyote wa lishe angeuidhinisha bila kusita, kwani kila kimoja humpa mwenzake alichopungukiwa nacho.

Rangi Ina Maana

Nimefika sasa kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni vitamini A. Vitamini hii huliwezesha jicho kuona penye mwanga hafifu, hulinda ngozi na tando laini za ndani ya mwili, husaidia mtoto kukua, na humwezesha kupambana na maradhi. Mtoto aliyeikosa huanza kwa kupapasa magiza yanapoingia. Baadaye jicho hukauka, na hatimaye huweza kupofuka kabisa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watoto kati ya 250,000 na 500,000 wenye upungufu huo hupofuka kila mwaka, na nusu yao hufariki dunia katika muda wa miezi 12 baada ya kupoteza macho. Hao si watoto waliokosa chakula chote. Wengi wao walikula na kushiba, ila chakula chao kilikuwa cheupe.

Nasema cheupe kwa makusudi. Viazi vitamu si vya namna moja. Vipo vyenye nyama nyeupe, ya manjano, ya zambarau na ya rangi ya machungwa. Rangi hiyo ya machungwa hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi cheupe kina beta-karotini kidogo sana au hakina kabisa. Gramu 100 za kiazi kilichokolea rangi ya machungwa zaweza kutoa vitamini A ya zaidi ya mikrogramu 700. Mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu huhitaji mikrogramu 300 kwa siku, na yule wa kati ya miaka minne na minane huhitaji 400. Kwa hivyo kiazi kimoja kidogo cha gramu 125 chatosha kumkidhi mtoto kwa siku nzima. Hapana dawa iliyochanganywa humo. Ni kazi ya udongo, mvua na mbegu bora.

Madai haya yamejaribiwa. Nchini Afrika Kusini, wanafunzi wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi cha rangi hiyo, kilichochemshwa na kupondwa, kwa siku 53 za masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa akiba ya vitamini A katika ini iliimarika. Katika jimbo la Zambezia nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuata watoto wadogo ambao familia zao zilipewa marando ya kupanda pamoja na mafunzo ya lishe. Watoto hao walipata vitamini A zaidi katika mlo wao, na kiwango chake katika damu kikapanda. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne waliofanya kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao, watatu kati yao wakiwa wanasayansi wa kiazi kitamu: Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda, na Jan Low, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru. Wa nne alikuwa Howarth Bouis wa Marekani.

Aina za mwanzo za rangi ya machungwa zilikuwa na maji mengi, ilhali mlaji wetu hupenda kiazi cha unga, kile kinachomlazimu kutafuta chai. Watafiti hawakumbeza mlaji kwa hilo. Walizalisha aina zenye unga zaidi zinazostahimili pia maradhi ya kwetu. Aina za Vita na Kabode zilitolewa Uganda mwaka 2007, kisha zikavuka mpaka na kupandwa katika mashamba ya Kenya. Hivyo anayesema kuwa viazi hivi havina ladha anakumbuka habari za zamani.

Jikoni

Lishe iliyomo shambani si lazima ifike tumboni. Beta-karotini huyeyuka katika mafuta, wala mwili hauipokei vyema pasipo mafuta kidogo. Kwa mintarafu hii, watu wa Mwambao walitutangulia. Viazi vitamu vya nazi, vinavyopambwa hasa katika futari ya mwezi wa Ramadhani, vina tui linalofanya kazi hiyo barabara. Asiye na nazi atumie maziwa, siagi au karanga zilizopondwa. Si lazima mafuta yawe mengi, kijiko kimoja kwa sahani chatosha.

Ni bora kiazi kichemshwe pamoja na ganda lake baada ya kuoshwa vizuri, ili virutubishi visiishie katika maji. Kukianika juani kwa muda mrefu hupunguza beta-karotini, na kukihifadhi miezi mingi baada ya hapo huipunguza zaidi. Anayekausha vipande vya kusaga unga na avianike kivulini, tena asiviweke muda mrefu. Kukikaanga katika mafuta mengi ni kuondoa ile faida ya nishati ndogo niliyoitaja awali.

Tusisahau majani yake. Tanzania huyaita matembele, na huko ni mboga ya kila siku yenye protini, madini ya chuma na beta-karotini. Kwetu, katika sehemu nyingi, marando hukatwa na kupelekewa ng'ombe na mbuzi, kisha mwenye shamba akaenda sokoni kununua mboga. Sina ugomvi na ng'ombe, lakini naona yeye ndiye aliyepata sahani iliyo bora zaidi katika boma.

Pingamizi

Wapo watakaopinga kuwa kiazi hiki ni hatari kwa wenye kisukari, kwa kuwa jina lake ni kitamu. Hapa tena jina limetupotosha. Utamu wa ulimi haupimi peke yake kasi ya sukari kuingia katika damu. Namna ya kupika ina uzito. Kiazi kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kilichookwa, kwani joto la kuoka hugeuza wanga mwingi zaidi kuwa sukari na kuurahisisha kusagika. Mwenye kisukari hahitaji kukikimbia. Ahitaji kupima kiasi, kukichemsha, kukila pamoja na protini na mboga, na kufuata ushauri wa daktari wake. Aliye na ugonjwa wa figo naye amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Wengine hulalamika kuwa kiazi hujaza tumbo gesi. Ni kweli kwa baadhi ya watu, kwani sehemu ya wanga na sukari zake huchachuka katika utumbo mpana. Dawa yake ni kukiivisha vyema na kuanza kwa kiasi kidogo. Mbona maharagwe hutenda vivyo hivyo na hatujayafukuza mezani?

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba mjini kiazi si rahisi, na kwamba hakikai. Nakubali. Kiazi kibichi hakidumu kama mahindi. Fukusi hukitoboa kingali shambani, na kikishachimbwa huoza upesi. Mnunuzi wa Nairobi hulipia safari ndefu kutoka Kabondo au Busia. Lakini pingamizi hili ni hoja ya barabara, maghala na masoko. Si hoja dhidi ya kiazi. Lingekuwa zao la kusafirisha Ulaya, matatizo hayo yangeshughulikiwa zamani.

Wajibu Wetu

Hatimaye nalirejelea deni letu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa mujibu wa hali hiyo, mama wa Busia au Kilifi angestahili kusoma kuhusu chakula cha mwanawe katika Kiswahili kilicho wazi. Tafiti nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa na wanaosoma Kiingereza. Muhtasari mwingi unaomfikia mkulima ni tafsiri ya haraka isiyojali maana.

Chukua mfano wa rangi tu. Mara kwa mara kiazi cha rangi ya machungwa huitwa kiazi cha manjano. Mshairi anaweza kusamehewa kwa kuchanganya rangi hizo mbili, lakini katika lishe kosa hilo lina gharama. Mama atanunua kiazi cha manjano hafifu akiamini kuwa amenunua macho ya mwanawe, na kumbe kina beta-karotini kidogo kuliko alivyodhani. Wenzetu wa Tanzania wamebuni jina viazi lishe. Ni jina fupi, lenye mvuto, nami naliunga mkono. Walakini lina kasoro ndogo: laweza kumfanya mtu adhani kuwa kiazi cheupe hakina lishe yoyote, ilhali kina nishati, nyuzinyuzi na vitamini C kama nduguye. Jina lifuatane na maelezo. Huu si mjadala wa wataalamu wa kilimo peke yao. Ni suala la isimu na istilahi, na sisi ndio tuliosomea fani hizo.

Napendekeza mambo matatu yanayowezekana. Mosi, chama chetu kishirikiane na wanafunzi wenzetu wa idara za lishe na kilimo kuandika kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili sanifu kisicho na ugumu wa kujionyesha, kuhusu viazi vitamu: aina, rangi, upishi na watu wanaostahili tahadhari. Pili, wanaotafuta mada za tasnifu waende mashambani wakakusanye majina ambayo wakulima huyapa marando yao. Majina hayo hubeba maarifa ya ladha, asili na muda wa kukomaa, na aina inapoachwa kupandwa, jina lake hufa pamoja nayo. Tatu, tuwaombe wasimamizi wa mikahawa ya vyuo wauze kiazi kilichochemshwa kando ya mandazi kila asubuhi, na sisi tukinunue. Ombi lisilo na wanunuzi halidumu hata wiki mbili.

Hitimisho

Sikusudii kumkataza yeyote mkate wake. Mlo bora ni mlo wenye mchanganyiko, na ngano ina nafasi yake humo. Ninachokataa ni ile aibu isiyo na msingi inayomfanya mzazi kumnyima mtoto kiazi kilicho shambani ili ampe kitu chenye virutubishi haba kilichonunuliwa kwa fedha za shida. Mtoto anayepapasa jioni kwa kukosa vitamini A hajali ni chakula kipi chenye hadhi mbele ya wageni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiazi kitamu kipo chini ya udongo, na ujuzi wake umefukiwa chini ya lugha ya watu wengine. Mkulima ameshainama miaka mingi kuchimba kilicho chake. Zamu iliyobaki ni yetu.